Cheche na Dirisha la Dawa

Mimi si mtu wa kugombana hospitali. Hospitali mtu unakwenda mnyonge, unaongea kwa sauti ya chini, hata mlinzi wa getini unamwita mheshimiwa. Lakini siku ile daktari alipomruka wifi yangu kama hayupo, akanigeukia mimi na kuniuliza, "Huyu dawa anatumia kweli, au anauza?" damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Wifi yangu amekaa pale pale mbele yake, magoti yanagusa meza, halafu anaulizwa mtu mwingine!

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Mdomo anao."

Na mdomo anao, hilo halina ubishi. Huyu ni mdogo wake mume wangu, tunaishi nyumba moja, na kazini wote tunamwita Cheche. Anaanza kukusimulia habari ya jirani, anaikatisha katikati kukusifia viatu, kabla hujajibu ameshakwenda kuzima jiko ambalo halikuwa linawaka. Ukiwa na huzuni mtafute Cheche. Ukiwa na haraka mkimbie.

Tunafanya kazi karakana moja ya kushona sare. Mimi niko kwenye cherehani, nashona kola tangu asubuhi mpaka shingo ikakamae. Yeye ni mkataji. Msidhani kukata ni kushika mkasi tu. Pale kuna meza ndefu, unatandaza kitambaa kutoka kwenye jora, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo linakuwa nene kama urefu wa kiganja. Juu yake unapanga vipande vya katoni vya kupimia, unachora kwa chaki, kisha unapitisha mashine yenye kisu cha umeme. Ukikosea huharibu shati moja. Umeharibu rundo zima, na kitambaa kikishakatwa hakiombwi msamaha.

Sasa mtajiuliza, mtu kama Cheche kafikaje kwenye meza ile? Nami nawaambia, kwa jasho lake. Shuleni alisimamishwa nyuma ya darasa mpaka akaujua ukuta kuliko ubao. Walimu walimchapa kwa kupoteza madaftari, kwa kuongea, kwa kuangalia dirishani. Alipokua akafukuzwa kazi hii, akafukuzwa na ile, na kote neno lilikuwa moja: mvivu. Jamani, Cheche mvivu! Mtu ambaye hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa!

Kisha siku moja akaenda hospitali kwa ajili ya kichwa kinachomuuma, akakutana na daktari mmoja mwanamama ambaye alikuwa na masikio. Akamuuliza habari za utotoni, akamwita tena, akampima, akamwambia hali yake ina jina, inaitwa ADHD, kwamba ubongo wake unashindwa kushika jambo moja na kutulia nalo, na kwamba dawa ipo. Cheche alirudi nyumbani siku ile analia na kucheka kwa pamoja. "Wifi," akaniambia, "kumbe sikuwa mvivu."

Dawa yenyewe ni kapsuli, ndani yake kuna punje ndogo ndogo nyeupe. Cheche hajui kumeza vitu vizima, hata kidonge cha maumivu kinamrudia. Yule mwanamama akasema si tatizo, fungua kapsuli, mwaga punje zote kwenye kijiko cha uji, ameze bila kutafuna. Na kwa kuwa Cheche angeweza kusahau hata kichwa chake kisingekuwa kimeshonwa shingoni, mama mkwe akasema kazi hiyo niachieni mimi. Kila asubuhi akawa anakaa jikoni na bakuli na kapsuli, anampa binti yake kijiko cha kwanza kwa mkono wake.

Lo! Mngemwona Cheche wa miezi ile. Bado anacheka, bado anatania watu, lakini akishika chaki ameishika. Bosi mwenyewe akamweka kichwani mwa meza, na wakataji wa zamani wakanuna wakachoka.

Halafu dawa ikaisha hospitali. Si ya Cheche tu, ya wote. Ukifika dirisha la dawa unaambiwa hakuna, jaribu wiki ijayo. Ukija wiki ijayo unaambiwa hivyo hivyo, na anayekuambia hata hakutazami. Katika siku hizo Cheche akapewa rundo la mashati ya walinzi. Akatandaza vizuri, akachora vizuri, ila akasahau kugeuza katoni ya mkono. Tulipoanza kuunganisha ndipo tukaona. Mikono yote ilikuwa ya kushoto.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bosi hakucheka. Alisimama katikati ya karakana akapiga kelele, "Nimeambiwa nishonee walinzi au mikono ya kushoto?" Cheche alirudi nyumbani akajifungia chumbani, na mama mkwe alikaa nje ya mlango ule akimbembeleza mpaka chakula kikapoa.

Dawa ilirudi. Ila yule Cheche wa miezi ile hakurudi. Asubuhi angalau, lakini ikifika mchana namwona anaacha mstari wa chaki katikati, anakwenda kusaidia wanaofunga mizigo, anarudi hakumbuki alipofikia. Namwona anajiuma mdomo. Bosi naye akamwona, akamwita mbele yetu. "Kuna oda ya sare za shule inakuja. Utakata wewe. Ukiharibu tena, meza nampa mwingine, na wewe utafute pa kwenda." Ndiyo maana tukaenda kwa daktari, kuomba dozi iongezwe.

Yule mwanamama mwenye masikio alikuwa amehamishwa. Tukamkuta huyu wa sasa, miwani mizuri, kalamu mbili mfukoni. Cheche njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya kusema, na akasema vizuri kabisa: "Daktari, dawa hii ilikuwa inanisaidia, sasa mchana inaniacha. Naomba tuangalie kama dozi inatosha."

Daktari akatazama faili. "Hii ni dozi ya mtu mzima. Kila anayekuja hapa anataka kuongezewa. Hizi dawa zina soko, mnajua." Ndipo akanigeukia mimi na lile swali lake.

Nilipomjibu kwamba mdomo anao, akavuta pumzi, akaandika kitu. "Rudini na mtu anayemwona akitumia dawa kila siku. Nikiridhika, nitaongeza." Cheche aliinamisha kichwa. Cheche, mwenye mdomo wote ule! Alikuwa anasokota kona ya mtandio wake.

Njiani nikawa natoa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Yeye akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Wifi, pengine ni kweli. Pengine mimi ni mvivu tu, na zile siku nzuri zilikuwa bahati."

"Koma," nikamwambia. "Usinitie wazimu."

"Kama dawa nakula na bado niko hivi, basi ni mimi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu alikuwa ameshatolewa shimoni, leo anarudishwa na mtu mwenye kalamu mbili.

Basi tukarudi tena na mama mkwe. Huyu mama, niwaambie kidogo, hatupi kitu. Vipande vya sabuni vilivyobaki anavikandamiza vinakuwa sabuni mpya. Vifungo, kamba, mifuko, vyote vina mahali pake. Ukimwambia Mama hiki kimekufa, anakuambia wewe subiri, utakitafuta. Siku hiyo alivaa nguo yake ya kutokea na mkoba wake mkubwa. Kapsuli ya mwisho ilikuwa imetumika asubuhi ile ile, na oda ya sare za shule ilikuwa inakatwa kesho yake. Kwa hiyo tulikwenda kwa mambo mawili, dozi kuongezwa na kopo la dawa kujazwa.

Kosa langu ni kwamba kwenye benchi, tukisubiri kuitwa, nilimwambia alichosema daktari kuhusu kuuza. Nilikuwa nimemficha. Mama mkwe alinitazama kama nimemtukana yeye.

"Nani anauza?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Mwanangu mimi?"

Tukaitwa. Mama mkwe alikaribishwa kiti akakikataa, akabaki wima. Daktari akamwamkia, nashukuru hilo alilijua, akamuuliza, "Mama, wewe ndiye unayempa dawa?"

"Mimi. Kwa mkono wangu huu. Kila asubuhi ya Mungu, hajakosa hata siku moja."

"Na umehakikisha anameza?"

"Naona koo linavyoshuka."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akavuta karatasi. "Basi sawa. Kama anameza kila siku na haimsaidii, tutapanda hadi dozi ya juu yake." Cheche akanishika mkono chini ya meza, akaubana. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi, mwenzenu nikaanza kupumua. Na yote yangeishia hapo kama mama mkwe angenyamaza.

Hakunyamaza. "Ngoja kwanza, daktari. Hatujamaliza. Umesema mwanangu anauza dawa."

"Mama, niliuliza tu, ni utaratibu..."

"Anauza!" Akafungua mkoba, akapekua, akatoa kichupa cha viungo, kile cha kioo chenye kifuniko chekundu, akakigonga mezani mpaka kalamu ikaruka. "Mtu anayeuza dawa anakuwa na akiba? Hii hapa! Hii hapa ya kwake yote, hakuna punje iliyopotea!"

Kichupa kilikuwa kimejaa punje ndogo ndogo nyeupe, mpaka shingoni.

Nje mtoto alikuwa analia na mtu anaita majina ya wagonjwa. Daktari alikiinua kichupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mama," akasema polepole, "hizi zimetoka wapi?"

"Kwenye vidonge vyake. Nafungua, nusu namtilia kwenye uji, nusu naweka." Alisema kwa fahari kabisa. "Ile mara dawa ilipokwisha kwenye dirisha lenu, mwanangu alifedheheshwa mbele ya watu wazima. Nikasema haitatokea tena nikiwa hai. Ikikosekana sasa, anayo."

Daktari akacheka. Labda hakukusudia, kilimtoka puani tu, lakini kilitoka. Na Cheche akasimama. Nimemjua miaka, nimemwona akichekwa, akitukanwa, akilia. Sijawahi kumwona vile.

"Usicheke," akamwambia daktari. "Wewe hasa usicheke." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama. Wakati wote huu? Najipiga makofi chooni kazini ili niamke. Bosi ananitukana mbele ya watu. Nimelala nikijiita mvivu, nimeamka nikijiita mvivu, na dawa yangu iko kabatini?"

"Nyuma ya chumvi," mama mkwe akasema, kama mtu aliyeulizwa mahali. Ndipo uso wake ukaanza kubadilika. Akatazama kichupa, akamtazama binti yake. "Mimi nilidhani nusu inatosha kumshikilia. Asubuhi nilikuona uko sawa."

"Asubuhi, Mama! Asubuhi!"

"Ningejua..." akasema, akaishia hapo. Akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mwanzo.

Mimi nilitamani kumfokea. Kweli kabisa, ulimi ulikuwa unawasha. Lakini mama mkwe hafokewi, na isitoshe hasira yangu ilikuwa haijui imwangukie nani. Cheche alijua. Alimgeukia tena daktari akampa maneno yake.

"Umeniuliza kama nauza. Umemuuliza wifi yangu, umemuuliza mama yangu. Mimi hujaniuliza naitumiaje. Ningekuambia nafunguliwa kapsuli, ungeuliza nani anafungua, ungejua siku ile ile. Swali moja tu, daktari. Ulikuwa na haraka gani?"

Daktari akavua miwani. Alikuwa na alama mbili nyekundu puani, akaonekana mtu aliyechoka kama sisi. "Nilipaswa kuuliza," akasema. Basi. Sikutarajia hata hilo. Akaichana ile karatasi. Akaeleza kwamba angeongeza dozi juu ya kosa, na siku mama akiacha kugawa, Cheche angepata dozi kubwa yote kwa mkupuo, moyo umwende mbio na usingizi umkimbie. Sasa akauliza yote aliyokuwa hajauliza. Unalala vipi, unakula vipi, moyo unadunda, mchana inakuacha saa ngapi. Akampima presha. Akamuuliza yeye, Cheche, na akangoja majibu, hata pale Cheche alipopotelea kwenye habari za jirani.

"Dozi ni ile ile," akasema. "Ila yote. Rudi baada ya majuma mawili uniambie mwenyewe. Kama mchana bado inakuacha, hapo tutazungumza kuongeza." Kisha akakichukua kichupa cha mama mkwe. "Na dawa haiwekwi hivi, mama. Imekaa jikoni na mvuke na joto, hakuna ajuaye imebaki na nguvu gani. Hii haifai tena." Akakitupa kwenye pipa la taka lililokuwa chini ya meza. Kililia kikigonga chini. Mama mkwe alishtuka kama amepigwa.

Tukatoka tukaenda dirisha la dawa. Foleni ilikuwa ndefu, tukasimama watatu. Tulipofika, Cheche akapitisha karatasi chini ya kioo. Mwanamke wa ndani akaitazama, akairudisha.

"Hii hakuna."

"Hakuna vipi?" nikauliza. "Tumetoka kwa daktari sasa hivi."

"Imekwisha juzi. Ulizeni wiki ijayo. Anayefuata!"

Jamani. Nilishika ukingo wa dirisha nisije nikaanguka, au nisije nikalivunja, sijui kipi kilikuwa karibu. Kesho yake watoto wa shule nzima walikuwa wanasubiri mikono ya kushoto na ya kulia kutoka kwa wifi yangu. Nikamtafuta Cheche kwa macho, hayupo. Alikuwa ameshafika nusu ya korido, anarudi kwa daktari.

Hakubisha hodi. Ndani alikuwepo mzee mmoja ameshafungua shati apimwe. "Shikamoo, baba, samahani," Cheche akamwambia, kisha akamwambia daktari, "Njoo dirishani ukaambiwe wewe." Na daktari akaja! Watu wa foleni wakampisha. Akainama kwenye kioo akauliza, na mwanamke yule, ambaye sasa alikuwa na adabu zake zote, akamjibu vile vile. Imekwisha. Wiki ijayo labda.

Daktari akasimama na karatasi yake mkononi. Akatutazama. Hapo ndipo mama mkwe alipomsogelea, akamnyooshea kiganja.

"Basi nirudishie kichupa changu."

Hakupiga kelele. Hata sauti yake ilikuwa ya adabu. Foleni nzima ilisikia, na mtu mmoja nyuma akasema "Eeh!" kwa nguvu. Daktari angemwambia nini? Kwamba haifai? Kweli haifai. Na inayofaa iko wapi?

Tukarudi naye chumbani. Yule mzee akasema yeye ana subira, tumalize kwanza. Mama mkwe akakaa kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani. "Sisi hatuondoki," akasema. Daktari akatoa simu yake mwenyewe, akaanza kupiga. Huku hakuna, kule hakuna, pengine simu haipokelewi. Tulimwona anavyojibiwa kama tunavyojibiwa sisi, anavyowekwa kungoja, anavyokatiwa, na sitawadanganya, roho yangu ilisuuzika. Mwishowe likapatikana duka moja la dawa upande wa pili wa mji, kopo moja limebaki. Tulifika wakiwa wanavuta mlango kufunga, wakatuuzia lile kopo.

Kesho yake Cheche alikata. Mchana ulifika, ukapita, chaki haikuachwa katikati ya mstari. Bosi alikuja kuigeuza ile mikono moja moja, kushoto, kulia, kushoto, kulia, anatafuta kosa kwa bidii zote. Akaondoka bila kusema asante, na Cheche akaniambia mbona suruali ya bosi imefumuka nyuma.

Ila la asubuhi ile, kabla hatujaenda kazini, ndilo linalonirudia. Mama mkwe alitenga bakuli la uji, akaweka kapsuli pembeni ikiwa nzima, kisha akaikunja mikono yake kwapani akatazama ukutani. Cheche akaifungua mwenyewe, akamwaga punje zote kwenye uji, akameza. Alipotoka, mama mkwe alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Mimi nilirudi jikoni kuchukua mtandio niliousahau. Nikamkuta ameinama juu ya meza. Ameokota lile ganda tupu la kapsuli, anapiga piga vipande vyake kwenye kiganja, aone kama kuna punje imebaki.

"Mama!" nikasema. Ilinitoka kwa ukali ambao sijawahi kumtolea.

Aliinua uso. Hakuwa na aibu. Alikuwa na woga, woga mtupu. "Na ikiisha hii?" akaniuliza.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga tangu jana. Nikakumbuka kile kioo cha dirisha la dawa, na karatasi inavyosukumwa kurudi, na ile "anayefuata." Nikachukua mtandio wangu, nikatoka.